Nyumba mpya Nzuguni, macho yanawasha na mtoto anakohoa usiku. Kumbe si vumbi peke yake

#1 mama_wawili_Nzuguni

Habari zenu wakuu. Naomba mnivumilie ni ndefu, naandika mtoto amelala hapa pembeni yangu na bado anakohoa.

Tulihamia kwetu mwezi wa sita, huku Nzuguni. Nyumba tumeijenga miaka minne kwa kudunduliza, kwa hiyo ilipofika mwisho tukasema jamani tumalizie vizuri, jipsamu nyumba nzima, rangi ya silki, makabati ya jikoni ya MDF ukuta hadi ukuta, kabati la nguo la ukutani chumba cha watoto, makochi mapya, magodoro mapya na sakafu ya watoto tukatandika lile zulia la plastiki la kukata kwa mita. Kila mgeni anayeingia anasema hongereni, nyumba inanukia upya. Na mimi nilikuwa nafurahi, nafunga mlango wa sebuleni ili ile harufu isitoke.

Sasa mnaijua Dodoma mwezi wa sita mpaka wa tisa upepo wake. Madirisha ya aluminiamu tunafunga kutwa, ukiacha upenyo saa moja tu meza yote nyekundu. Wiki ya pili mwanangu mdogo wa miaka mitatu akaanza kukohoa usiku, asubuhi macho mekundu. Zahanati wakasema aleji ya vumbi, tukapewa dawa. Basi mimi nikazidi kufunga. Nikanunua na spreya ya kunukisha, na usiku nawasha koili ya mbu. Hali ikawa inazidi tu.

Kilichonifumbua macho ni msiba. Tulienda Mpwapwa siku nne, nyumba ya dada yangu sakafu ya udongo, vumbi kuliko kwangu mara mbili, na mtoto hakukohoa HATA MARA MOJA. Tumerudi Jumapili jioni, nyumba ilikuwa imefungwa siku zote nne na jua lote lile juu ya bati, nafungua mlango harufu ikanipiga machoni nikatokwa machozi palepale mlangoni. Nikaenda moja kwa moja kabati la watoto, nikafungua nikaingiza kichwa, nikashindwa hata kuhesabu mpaka kumi. Sweta za mtoto zinanukia gundi. Yaani nimekuwa namvalisha mwanangu gundi miezi miwili.

Nimesoma kidogo, naambiwa mbao za MDF zinaunganishwa kwa gundi yenye fomaldehaidi, na inaendelea kutoka kama hewa miezi mingi, na joto ndo linaizidisha. Na kwamba shirika la utafiti wa saratani la WHO lilishaiweka kwenye kundi la vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 2004. Nimelia.

Hela ya kuvunja makabati sina. Waliowahi kupitia hili mlifanyaje?

#2 Seremala_Kizota

Dada pole sana. Mimi ni fundi makabati mwaka wa kumi na nne huu, nitakwambia ukweli kama ninavyouona karakana.

MDF ni nyuzi laini za mbao zimekandamizwa na gundi, chipubodi ni makapi na gundi, plaiwudi ni karatasi za mbao na gundi. Ile melamini nyeupe ya juu unayoiona inang'aa inaziba vizuri tu. Hewa inatokea pale palipokatwa, yaani kwenye kingo, kwenye matundu ya bawaba na skrubu, na mgongo wa kabati. Sasa mteja akibana bei, fundi anabandika ejingi, yaani utepe wa kuziba kingo, upande wa mbele unaoonekana, huku nyuma na chini anaacha ghafi. Chukua tochi leo, inama chini ya sinki, angalia juu ya kabati la nguo kule usikofika, na chomoa droo moja uangalie kitako chake. Ukiona rangi ya kahawia tupu kama biskuti, hapo ndo panapopumua.

Huna haja ya kuvunja. Toa milango na droo zote, peleka barazani kivulini, zikae hata wiki tatu nne zinapigwa na upepo. Ndani kabati libaki wazi bila nguo. Halafu kila penye kahawia paka vanishi ya maji mikono miwili mitatu, na kingo zibandikwe ejingi. Nasema VANISHI YA MAJI. Usikubali fundi akuletee ile ya kuchanganya na tina, kile kiyeyusho cha rangi, halafu apake chumba cha watoto umekaa nao ndani, utakuwa umetoa moja umeingiza mbili.

Na siku nyingine ukienda kununua mbao ulizia zenye alama ya E1, ni daraja la Ulaya la mbao zinazotoa fomaldehaidi kidogo. E2 inatoa zaidi. Wauzaji wengine hawajui, wewe geuza ubao angalia muhuri. Mteja akiniuliza mimi, kitanda cha mtoto namwambia afadhali paini ya kawaida kuliko MDF ya kung'aa. Mninga ndo wenyewe ila bei yake tunaijua wote.

Mimi mwenyewe miaka ya mwanzo nilikuwa nakata MDF nimejifunga kitambaa puani. Kitambaa kinazuia unga ule mkubwa tu, harufu ya gundi na tina inapita kama hakuna kitu. Inatakiwa barakoa ya kichujio cha kaboni. Macho yangu sasa hivi yakikutana na hiyo hewa dakika tano tu yanawaka.

#3 Mpangaji_Makulu

Mi nimepanga chumba na sebule, kabati la mwenye nyumba, zulia la mwenye nyumba, hataki kiguswe kitu. Nna mimba ya miezi mitano. Nifanyeje

#4 Nesi_Mstaafu_Kikuyu

Mama wawili, pole mwanangu. Na wewe Mpangaji soma hapa, linawahusu wote.

Kitu cha kwanza si kununua kitu. Ni kutoa na kupitisha hewa. Hiyo spreya ya kunukisha itoe leo, haiondoi kitu hewani, inaongeza kemikali nyingine juu ya zile, pua ndo inadanganywa. Na koili, mwanangu, kuna utafiti wa koili za China na Malaysia uliochapishwa 2003, walikuta koili moja ikiungua mpaka mwisho inatoa chembechembe ndogo za moshi sawa na sigara 75 mpaka 137, na fomaldehaidi yake inaweza kufika ya sigara 51. Moja tu. Ndani ya chumba kilichofungwa na mtoto wa miaka mitatu. Weka chandarua cha dawa na wavu dirishani, koili ikibidi sana iwashwe barazani mkiwa mmekaa nje.

Najua mtasema madirisha yakifunguliwa ni vumbi. Mimi nipo Dodoma tangu 1981. Kwangu nafungua saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu, kabla upepo haujaamka, na pande mbili za nyumba ili hewa iingie huku itokee kule. Dirisha moja peke yake halitoshi, hewa inazunguka humohumo. Upepo ukianza nafunga upande unaotoka vumbi, nauacha wazi ule wa pili. Na kwenye dirisha la chumba cha wajukuu natundika kanga iliyolowekwa maji na kukamuliwa. Jioni ukiishusha ukaisuuza, maji yanatoka kama chai ya maziwa. Hilo vumbi lingekuwa mapafuni.

Halafu acheni kufagia ndani kwa mkavu. Vumbi la ndani si udongo wa nje tu, kemikali zinazotoka kwenye makochi, kwenye zulia la plastiki na rangi zinang'ang'ania humo, na mtoto anatambaa, anashika, anaweka mkono mdomoni. Piga deki kwa kitambaa kibichi, futa na vitu kwa kitambaa kibichi, viatu vibaki mlangoni, mtoto anawe mikono kabla ya kula hata kama ni muwa. Mpangaji, wewe hapo hakuna cha kumwomba mwenye nyumba ruhusa. Hilo zulia likunje usimame mlangoni kwake na umwambie una mimba, akuhifadhie mpaka ujifungue. Yale ya PVC yanalainishwa na ftalati, hazijafungwa humo, zinatoka taratibu. Ulaya walishaziwekea mipaka kwenye vitu vya kuchezea watoto miaka mingi.

#5 Mzee_wa_Chamwino

Nawasalimu. Sisi tumekulia kwenye tembe, moshi wa kuni humohumo, mbuzi humohumo, tumezeeka. Naona watu wa sasa mnajitia hofu tu, mtoto akikohoa mpe asali.

#6 Nesi_Mstaafu_Kikuyu

Mbukwenyi mzee wangu. Nakuheshimu sana ila hapo nitasema. Nimefanya kazi wodi ya watoto, hao waliozeeka na wewe ndio waliobaki. Wale wa kichomi tuliokuwa tunawapokea kutoka vijijini wamebebwa mgongoni, wengi wao nyumba zao ni hizohizo za moshi. WHO wanahesabu vifo milioni 3.2 kwa mwaka 2020 peke yake duniani kutokana na moshi wa kupikia majumbani, na humo watoto wa chini ya miaka mitano ni wengi. Tembe ilikuwa na ubaya wake, hizi za aluminiamu na jipsamu zina wa kwao. Zile nyumba za kati hapa, za enzi za mwanzo za CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, ziliachwa matundu ya hewa juu ya kila dirisha. Siku hizi fundi jipsamu anakuja anayaziba yote na mwenye nyumba anashangilia. Mama wawili angalia juu ya madirisha yako kama matundu yapo nyuma ya jipsamu.

#7 Mzee_wa_Chamwino

Nimekuelewa mama. Mdogo wangu alienda kwa kichomi. Sikuwahi kuunganisha.

#8 mama_wawili_Nzuguni

Shikamoo mama nesi, asante, asanteni wote. Yaani nimeangalia, matundu yapo na yamezibwa kweli, fundi anakuja Alhamisi kuyafungua na kuweka wavu. Fundi wa Kizota nimeinama na tochi kama ulivyosema, ni kahawia kila mahali, mgongo mzima wa kabati la watoto haujapakwa chochote. Baba watoto tayari ametoa milango na droo.

Makochi nimeyatoa barazani, zulia la plastiki nimelikunja, nguo zote nimefua mara mbili. Watoto nimewahamisha tangu juzi wanalala kile chumba cha akiba cha nyuma, kile hatujakimalizia, hakina kabati wala rangi, kuna magunia ya mahindi tu tuliyoyatoa Kibaigwa. Angalau huko hakuna kemikali. Ila mkubwa leo asubuhi kasema kichwa kinauma na kichefuchefu, nahisi ni mabadiliko ya kulala chini.

#9 Mkulima_Kongwa

Dada hayo mahindi umeyawekea nini? Jibu haraka tafadhali

#10 mama_wawili_Nzuguni

Vidonge. Vile vya kijivu vya duka la pembejeo, viwili kila gunia, nimevifunga kwenye kitambaa ndani ya gunia. Jumamosi. Magunia saba

#11 Mkulima_Kongwa

TOA WATOTO HUMO SASA HIVI. Usimalize kusoma. Watoe nje kabisa, fungua madirisha yote na milango, usiingie kuhamisha magunia wewe wala mtu yeyote mpaka hewa ipite, mpeleke mkubwa hospitali saa hii na umwambie daktari neno hili, FOSFINI, vidonge vya kuhifadhia nafaka.

Kidonge kile kikikutana na unyevu wa hewa kinageuka gesi. Kimoja cha gramu 3 kinatoa gramu 1 ya gesi. Wewe unavyo kumi na vinne. Gesi inapita kwenye gunia kama hakuna gunia, inapita chini ya mlango. Haina dawa ya kuizima mwilini, unasaidiwa tu kupumua na moyo. Na huu ukavu wa Dodoma usikudanganye, unafanya kidonge kichelewe kuisha, kwa hiyo cha Jumamosi leo bado kinatoa.

USIMWAGE MAJI juu yake hata kidogo, inatoka yote kwa mkupuo na inaweza kuwaka.

#12 Nesi_Mstaafu_Kikuyu

Fanya anavyosema. Wote wawili waende, hata ambaye halalamiki. Na wewe uliyekuwa unaingia humo. Beba na kopo la vidonge kama lipo, lifunge kwenye mfuko, daktari aone jina.

#13 Mpangaji_Makulu

Mungu wangu. Dada tupe taarifa

#14 Seremala_Kizota

Nipo na pikipiki, kama mna shida ya usafiri niandikie PM nipo Ipagala hapa

#15 mama_wawili_Nzuguni

Saa tano usiku. Tupo hospitali. Wamewekewa oksijeni, wamepima damu na moyo, daktari anasema wabaki mpaka kesho waangaliwe. Mkubwa ametapika mara mbili njiani ila sasa anaongea, ameomba soda. Mdogo anacheka. Mimi mikono inatetemeka siwezi kuandika.

Mkulima, sijui niseme nini. Sikuwahi kuambiwa. Niliuziwa kwa kuhesabiwa kwenye karatasi la gazeti, vidonge ishirini, hakuna kopo, hakuna maandishi, kijana wa dukani kasema tia viwili viwili wadudu hawagusi.

#16 Mkulima_Kongwa

Mshukuru Mungu ulitaja mahindi. Mimi nilijibu haraka vile kwa sababu nimeshaona. Jirani yetu, si mbali na kwetu, mwaka wa mavuno mengi wezi walizidi, akaamua kulala na magunia chumbani kuyalinda. Asubuhi hakuamka. Watu wakasema kalogwa. Aliyekuja kueleza ni bwana shamba, baada ya mazishi.

Vile vidonge si vya kukaa nyumba wanayolala watu, ni vya ghala lililofungwa na mtu aliyefundishwa, ghala linakaa siku zake, linafunguliwa linapitisha hewa ndo mtu aingie. Na havipaswi kuuzwa kwa kuhesabiwa kama panadoli. Duka la hivyo taarifu mamlaka ya viuatilifu, TPHPA, au hata ofisi ya kilimo ya wilaya waanzie hapo.

Ukirudi nyumbani, magunia mwanaume mmoja ayatoe mchana, madirisha wazi, yakae nje kivulini mbali na watu na mifugo siku kadhaa. Unga wa kijivu uliobaki usishikwe kwa mkono mtupu, na usichomwe jikoni.

Halafu mahindi yako hamishia mifuko ile ya PICS, ya tabaka tatu, miwili ya plastiki nzito ndani na kiroba nje. Haina dawa yoyote. Unakausha mahindi vizuri mpaka ukiyatikisa yanalia kavu, unayajaza, unakamua hewa, unafunga tabaka moja moja kwa kamba. Wadudu waliomo wanavuta hewa iliyomo inaisha wanakufa wenyewe. Bei yake imezidi kiroba cha kawaida lakini mfuko unautumia misimu zaidi ya mmoja usipoutoboa. Nyumbani kwangu nina mifuko kumi na sita, na watoto wangu wanne wote wanalala kwa amani.

#17 SabuniZaMama_Veyula

Jamani nimesoma huu uzi nimekaa chini. Mimi natengeneza sabuni ya maji nauza mtaani, nyumbani hapahapa, jikoni. Tulivyofundishwa ni salfoniki, ungaroli, soda eshi, CDE, gliserini, rangi, pafyumu, na mwisho formalini ili isiharibike. Formalini ndo hiyo fomaldehaidi mnayoisema? Maana mimi naweka kwa macho, na dada yangu mdogo ananisaidia ana pumu

#18 Mwl_Kemia_Dom

Ndiyo dada, ni ileile. Formalini ni fomaldehaidi iliyoyeyushwa kwenye maji, kama asilimia 37, ileile ya mochwari. Kwenye ndoo nzima ya sabuni kiasi kinachobaki ni kidogo, anayekaa hatarini kwanza ni wewe unayefungua chupa umeinamia, na huyo mdogo wako. Mwenye pumu asikaribie kabisa siku ya kuchanganya.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Toka jikoni nenda uani, upepo ukupige mgongoni upeleke mvuke mbele. Glavu za mpira na miwani, maana salfoniki nayo inaunguza jicho. Halafu jiulize kama unaihitaji formalini. Ukichemsha maji yako yakapoa, ukasafisha ndoo, ukatengeneza ndogo inayoisha wiki mbili badala ya pipa la miezi miwili, haijakaa vya kutosha kuharibika. Wateja wako ni wa mtaani, wanachukua kila wiki.

Na naomba sana, sana, usiuzie kwenye chupa za soda na maji ya kunywa. Wala mtu asihifadhie humo mafuta ya taa au tindikali ya choo. Mtoto anajua chupa, hajui kilichomo.

#19 SabuniZaMama_Veyula

Asante mwalimu. Chupa za maji ndo ninazotumia zote. Naacha leo, nitatafuta madumu madogo ya lita.

#20 Dada_Area_C

Niongezee hapo kwenye choo. Mwaka jana binti anayenisaidia kazi alitaka choo kitakate, akamwaga dawa ya choo ile ya tindikali, ikakaa, akaongeza jiki juu yake na kufunga mlango ili ifanye kazi vizuri. Nilisikia anakohoa kama anakabwa, nikamkuta amekaa chini koridoni midomo imebadilika. Ile ni klorini, nimeambiwa ndo gesi iliyotumika vitani. Hata jiki na mkojo wa zamani vinatoa gesi mbaya. Kwangu sasa hivi ni kitu kimoja tu chooni, brashi na sabuni ya unga, na jiki ikitumika inatumika peke yake mlango wazi. Binti nilimwelekeza kwa upole, kosa lilikuwa langu, sikumwambia.

#21 Mpangaji_Makulu

Na vile vidonge vyeupe vya kuweka kabatini nguo zisiliwe? Mama mkwe ameniletea nguo za mtoto alizozitunza nazo

#22 Nesi_Mstaafu_Kikuyu

Naftalini hizo. Mwanangu usimvalishe mtoto mchanga nguo zilizokaa nazo. Watoto wengi kwetu huku kwenye malaria wanazaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe za damu, na mama hajui, naftalini ikiingia kwa ngozi au pumzi inavunja damu yake, anakuwa wa manjano mpaka inagusa ubongo. Hiyo nimeiona kwa macho. Zitoe nguo, zianike juani siku mbili tatu, zifue, zianike tena, ukisikia bado zinanuka mwambie mama mkwe asante na uzitunze pembeni. Mweleze hivi nilivyokueleza, ni mtu mzima atakuelewa, yeye alitaka zisiliwe tu.

#23 Seremala_Kizota

Na mimi niseme hili la kitanda maana naona mtu atafanya wiki hii. Mkirithi kitanda cha chuma au cha mbao cha zamani chenye rangi za kuwaka, njano, nyekundu, kijani, MSIKIKWANGUE kwa msasa mkavu. Rangi za mafuta nyingi za zamani zina madini ya risasi, hasa hizo za kuwaka. Ukipiga msasa inakuwa vumbi na mtoto ananyonya risasi mara nne mpaka tano zaidi ya mtu mzima. WHO wanasema hakuna kiasi kisicho na madhara. Lowesha, kwangua mbichi, nje, watoto wasiwepo, kusanya maganda kwenye mfuko. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wanataka nchi zisiruhusu zaidi ya sehemu 90 kwa milioni kwenye rangi, kwa hiyo kwenye kopo jipya tafuta maandishi kwamba haina risasi.

Lingine ni vipande. Kila jioni akina mama wanakuja karakana kuomba vipande vya kuwashia jiko. Zamani nilikuwa nagawa vyote. Sasa hivi MDF, plaiwudi na zile mbao za kijani zilizolowekwa dawa ya mchwa sitoi, naweka pembeni. Zile za kijani nyingi zina aseniki, ukichoma inabaki kwenye jivu na jivu mnasugulia sufuria. Natoa paini na mkongo tu. Wengine wananinunia, naeleza kila siku.

#24 mama_wawili_Nzuguni

Wakuu nimerudi. Zimepita wiki tano, naomba radhi kwa kimya.

Watoto wazima wote. Walilala hospitali usiku mmoja, mkubwa tumerudishwa mara moja kuangalia moyo, uko vizuri.

Mahindi yapo kwenye PICS, mifuko minane, stoo ya nje tuliyoijengea mlango wake. Nilikuwa nafungua mmoja jana, hakuna hata mdudu mmoja anayetembea. Lile duka nilienda na baba watoto, tukaongea na mwenye duka mwenyewe si kijana, na ofisi ya kilimo tumeshapeleka maelezo kwa maandishi.

Kabati la watoto limekaa wiki nne wazi, milango barazani. Tumepaka vanishi ya maji mgongo, juu, kingo zote, matundu ya skrubu nimeyaziba mwenyewe kwa kijiti cha kibiriti kimoja kimoja, ni mia na kumi na mbili nimeyahesabu. Matundu ya hewa yamefunguliwa, yana wavu. Zulia nimempa fundi alitumie chini ya mashine karakana, watoto wanacheza kwenye mkeka wa ukindu. Asubuhi saa kumi na mbili nafungua pande mbili, kanga mbichi dirishani kama alivyosema mama nesi, na kweli maji yanatoka kama chai ya maziwa.

Jana usiku nimekaa kitandani kwa mdogo kuanzia saa tatu mpaka saa nane nikisikiliza. Hajakohoa. Leo asubuhi nimefungua kabati, nikaingiza kichwa, nikafunga macho nikahesabu mpaka sitini. Nimesikia harufu ya sabuni ya kufulia na ya mwanangu.